Mwangwi wa Utepe Mkuukuu

Kijana mmoja jirani yangu, arekodiye muziki kwa kompyuta chumbani mwake, aliniomba nimsomee shairi. Nilipomaliza akaniuliza: "Ami, mwangwi wako niutilie utepe mpya au mkuukuu?" Nikatazama huku na huko. Chumbani hamkuwa na utepe wowote.

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta picha ya mashine ya Kijapani, Roland RE-201, iliyotoka mwaka 1974. Katika mashine yenyewe, utepe uliofungwa kitanzi ulizunguka bila kikomo. Kichwa kimoja kikinasa sauti, na vitatu vilivyokifuata vikiirejesha. Mwangwi huo chanzo chake ni masafa tu: utepe ukienda, kwa mfano, sentimita 19 kwa sekunde, na vichwa viwili vikiachana sentimita 3.8, neno huchelewa kwa sehemu ya tano ya sekunde. Na kwa kuwa utepe huchakaa na mwendo wake huyumba, kila marudio yalififia na kutetereka kidogo. Utepe ukichakaa, ulibadilishwa. Leo watunzi wa programu huikokotoa kasoro ileile kwa hesabu, na kijana akaichagua kwa kubofya mara moja. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa kidonda cha kale ndicho kilichogeuka kinyemi.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Miaka mingi iliyopita nilifasiri shairi la kigeni la maombolezo. Mtunzi wake, alipofikia kumtaja mwanawe aliyefariki, mstari mmoja ulimvunjikia. Mimi nikaunyoosha, ukatimia mizani 16. Kwani sikusomeshwa ushairi na mtu, na niliogopa kuambiwa sijui kuhesabu. Wasomaji wakausifu ulaini wake.

Kijana akanisikilizisha sauti yangu. Kwa utepe mkuukuu, neno la mwisho lilirudi likichechemea, kama mtu asiyetaka kuondoka. Nilijua fika kwamba hapakuwa na utepe uliochoka; kuchechemea kule kulikusudiwa. Waama, mfasiri naye hana njia nyingine: lililomponyoka mwenziwe kwa uchungu, yeye hulitenda kwa hesabu, silabi baada ya silabi, ama hulificha. Mimi nililificha.

Usiku ule nililifungua daftari la zamani, nikaondoa silabi tatu. Sasa mstari ule una mizani 13, na asiyenijua atadhani nimekosea.