Kitunze Kidumu: Mtambo wa Kale na Haki ya Nakala

Aghalabu kila nyumba ina kitu kimoja kisichotupwa ingawa wakati wake umekwisha pita: redio ya mbao, cherehani ya bibi, au saa isiyotembea. Katika nyumba moja ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake, kitu hicho ni mtambo wa michezo uitwao PlayStation 2.

Mtambo huo wa kampuni ya Sony ulianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, na hadi utengenezaji wake ulipokoma, mwanzoni mwa 2013, ilikuwa imekwisha uzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Baba wa nyumba ile aliununua ukiwa umetumika, pamoja na diski saba za kiwandani. Kila Jumamosi jioni aliketi mkekani na mwanawe wakacheza mpira wa Pro Evolution Soccer 6, msimu baada ya msimu, na kila walipomaliza waliihifadhi ligi yao katika kadi ndogo ya kumbukumbu yenye nafasi ya megabaiti 8. Kisha baba akafariki. Ligi ikabaki katikati.

Miaka ikapita, jicho la mtambo likachoka. Jicho hilo ni lenzi ipitishayo mwanga wa leza juu ya diski. Likizeeka au likijaa vumbi, diski huzunguka bure na kioo hubaki cheusi. Mama mjane akauchukua mtambo kwa fundi.

“Mama,” akasema fundi, “lenzi mpya ni taabu kuipata. Niachie nitie chipu, nikuchomee diski hamsini kwa bei nafuu. Na kadi hii imejaa, nitaifuta.”

“Utafuta nini?”

“Mambo ya zamani tu, mama.”

Mama hakubishana. Aliufunga mtambo katika kanga akarudi nao nyumbani.

Hakika shauri la fundi halikuwa dawa. Chipu, ambayo huunganishwa kwa risasi kwenye bodi ya mtambo, kazi yake ni kuudanganya mtambo ukubali diski zisizotoka kiwandani; haliponyi jicho. Tena diski ya kuchomwa huakisi mwanga hafifu kuliko ile ya kiwandani, basi jicho chovu huisoma kwa shida zaidi.

Kijana, ambaye sasa ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 2008 ipo programu iitwayo Free McBoot, iliyotungwa na watu wanaojitolea. Haihitaji kufungua hata skrubu moja. Hukaa katika kadi ya kumbukumbu, na mtambo unapowashwa huipata humo na kuianzisha kabla ya mambo mengine. Ni mitambo myembamba ya mwisho tu isiyoikubali. Huo wa marehemu ulikuwa wa umbo kubwa la kwanza. Mwanafunzi mwenzake alimwazima kadi iliyokwisha tayarishwa, nayo kadi ya baba ikatiwa katika tundu la pili, isiandikwe neno lolote.

Kazi ya kwanza haikuwa mchezo. Kwa programu ya kupanga mafaili, kijana alinakili yote yaliyokuwa katika kadi ya baba akayaweka kwenye flashi, kisha kwenye kompyuta ya chuo. Alipokwisha hayo ndipo alipozigeukia diski. Kompyuta yenye deki ya DVD huzisoma diski za mtambo huu, na kila diski hugeuzwa faili moja. Sita zilinakilika, ya saba ilikuwa na mikwaruzo mirefu, ikakataa. Faili zile zikatiwa katika flashi, na programu nyingine, Open PS2 Loader, ikaziendesha bila jicho kuguswa. Tundu la flashi la mtambo huo ni la kizazi cha kwanza, lenye mwendo wa polepole, kwa hiyo picha za utangulizi zilikwamakwama. Mpira wenyewe ulitembea vizuri.

Kwa kuwa nakala ilibeba namba ileile ya mchezo wa asili, iliitambua ligi ya zamani. Jedwali likatokea: timu ya baba ya pili, mechi nne zimebaki. Mama alitazama kitambo. “Usizicheze leo,” akasema.

Habari husafiri. Kabla ya mwezi kwisha, kijana wa jirani alifika na flashi tupu. Alitaka kufungua kibanda cha michezo ya kulipia, akaomba ajaziwe kila kitu kilichomo.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Programu za watu wanaojitolea hutolewa bure kwa hiari yao. Sony yenyewe iliwahi kuuza, mwaka 2002, vifaa vya kuendeshea Linux katika mtambo huu, pamoja na diski ngumu, kibodi na kipanya. Lakini michezo ina wenyewe. Sheria nazo hazilingani: Marekani, kwa sheria ya mwaka 1998, ilipiga marufuku kuvunja kufuli za kuzuia kunakili, Mahakama Kuu ya Australia, mwaka 2005, iliamua kwamba chipu za namna hii hazikuvunja sheria iliyokuwapo, na baadaye sheria hiyo ikabadilishwa.

Jirani alikuwa na hoja yake. “Mama, madukani michezo hii haiuzwi tena. Nitakuwa nimemwibia nani?”

“Kutojua mwenyewe alipo,” mama akajibu, “si sawa na kutokuwapo mwenyewe. Hizi diski sita tulizinunua, zimo kabatini, na nakala zake zinatumika humu. Wewe ukitaka kutunza ulivyonunua, mwanangu atakusaidia. Ukitaka kuuza usivyonunua, mlango ni ule.”

Kijana wa nyumba aliinamisha kichwa, maana alikuwa ameahidiwa ujira, na ada ya chuo ilikuwa bado haijatimia. Hakusema kitu. Ada ile ilikuja kulipwa kwa kazi ya kutengeneza redio, ikachelewa.

Jirani aliondoka kwa hasira. Wiki mbili baadaye alirudi na mfuko wa plastiki wenye diski nne za utotoni mwake, zimejaa vumbi na alama za vidole. Zikasafishwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni. Tatu zilinakilika.