Krona, vocha na mwani

Nilianza ukarani wa uhasibu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi ambayo rimu ya karatasi ilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa kwa bosi. Shilingi ilikuwa imeporomoshwa sana tangu mwaka 1986, na ruzuku ya serikali ilifika chuoni ikiwa imekonda. Ilipofika, kwanza mishahara, kisha chakula cha wanafunzi, maana siku hizo serikali ndiyo iliyowalisha, kisha umeme na maji. Utafiti nao ulikuwa na kasma yake katika kitabu cha bajeti. Kasma ilikuwepo kila mwaka. Fedha zilikuja kwa kudra.

Hata hivyo walimu walikwenda mikoani na magari, kemikali ziliingia maabara, na vijana walipelekwa kusoma uzamivu. Aliyelipa nilimjua kwa sababu jina lake lilikuwa ubavuni mwa mafaili yangu: SAREC. Hilo lilikuwa shirika la Sweden la ushirikiano wa utafiti, lililoundwa mwaka 1975, na mwaka 1995 likaingizwa ndani ya Sida, shirika la misaada ya maendeleo la nchi hiyo. Msaada wake kwa watafiti wa Tanzania ulianza katika miaka ya 1970 kupitia Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, ambalo kila mtu aliliita UTAFITI, na ambalo nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Bajeti zilikuja zimeandikwa kwa krona. Asubuhi nilikuwa naijua bei ya krona kabla ya kujua nyama inauzwaje Mwenge.

Watu wakisikia fedha za utafiti hufikiria darubini. Vocha zilionyesha mengine kabisa: dizeli, posho ya dereva, kamba za manila, vigingi, betri za tochi, ada ya mwanafunzi wa uzamili, nauli ya sampuli iliyopelekwa kupimwa Ulaya kwa kuwa mashine yetu ilikosa kipuri. Mshahara wa mwalimu unalipia kufundisha. Kila anachokifanya nje ya darasa ili ajue jambo ambalo halijaandikwa bado kitabuni kina bei yake, na bei hiyo haimo katika mshahara.

Kamba na vigingi vilikuwa vya mwani. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa hapo chuoni, aliuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, wakati wengi waliuona ni takataka ya bahari. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Leo wakulima wake wengi ni wanawake, na mwani ni miongoni mwa bidhaa kubwa ambazo Zanzibar inauza nje. Sasa fikiria hesabu hiyo mbele ya mhasibu anayefunga vitabu tarehe 30 Juni. Fedha zilizotumika katika miaka ya 1970 zingeonekana hasara kila Juni kwa zaidi ya muongo mzima. Mkaguzi gani angevumilia?

Na kazi haikuishia hapo. Maji ya pwani yalipozidi joto, mwani aina ya kotoni, ambao una bei nzuri zaidi, ukawa unakufa mashambani. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni tawi la chuo kule Unguja, akiwemo Dk. Flower Msuya, wakajaribu kuupanda kwenye kina kirefu zaidi kwa nyavu za mirija. Wakafanya kazi pamoja na kina mama kutengeneza sabuni za mwani, badala ya kuuza mwani mkavu kwa bei ya mnunuzi. Kina kirefu kinataka mashua na mtu anayejua kuogelea, na kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Mambo kama hayo mtu huyajua baada ya kulipia dizeli ya kwenda kuyaona.

Mabadiliko makubwa niliyoyashuhudia yalikuja kidogo kidogo kuanzia mpango wa mageuzi wa chuo wa mwaka 1994. Wafadhili waliacha kununua vifaa tu, wakaanza kulipia chuo chenyewe: mtandao wa kompyuta, maktaba, mifumo ya fedha. Wanafunzi wa uzamivu wakawa wanakaa nusu huku na nusu Sweden, badala ya kuhamia huko miaka mingi na wengine kutorudi. Nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote niliyowahi kuuona kwenye karatasi, kwa sababu mtu alirudi na shahada huku utafiti wake ukiwa juu ya Rufiji, si juu ya ziwa la Uppsala.

Halafu miradi ikazaana. Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya, wakfu za Marekani. Kila mmoja na akaunti yake, fomu yake na tarehe yake ya ripoti. Mtafiti akawa mwandishi wa maandiko ya miradi. Waliojua kuandika andiko walipata, na waliokuwa na swali zuri bila andiko walisubiri. Wengine wakahamia kazi za ushauri, ambazo zinalipa haraka na zina swali ambalo mteja ameshaliandika. Msomi Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima, mwaka 2007, juu ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilivyogeuka soko, na sisi huku tulikisoma tukijitambua.

Ukaguzi nao ulikaza. Mashine za risiti za kielektroniki zilipoingia mwaka 2010, kila aliyerudi uwandani alitakiwa kurejesha masurufu kwa risiti halali. Mvuvi wa Kizimkazi aliyekodisha ngalawa hana mashine. Tukabaki na karatasi za saini na dole gumba, tukibishana na wakaguzi ambao, kwa haki yao, hawajawahi kupanda ngalawa.

Chuo pia kilianza kukata asilimia katika kila mradi kwa gharama za uendeshaji. Walimu walinung'unika, wakasema wanatozwa kodi kwa jasho lao. Mimi nilikuwa upande wa makato. Umeme wa jokofu la sampuli hauandikwi na mfadhili yeyote, na jokofu likizima wikiendi mradi umekwisha.

Siku hizi nimestaafu, nasoma magazeti. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliikopesha Tanzania dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa elimu ya juu, na majengo yake yanaonekana. Ni mkopo, utalipwa. Kinachonifurahisha zaidi ni fedha ndogo za shilingi ambazo chuo kinazitoa chenyewe kwa ushindani, kwa sababu humo swali linaanzia hapa. Uganda walikwenda mbali zaidi: mwaka wa fedha 2019/2020 serikali yao iliipa Makerere shilingi bilioni 30 za Uganda kwa ajili ya utafiti tu.

Januari 2006 mjini Khartoum nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sisi hatujafika huko. Kwa hiyo, msomaji, bajeti itakaposomwa Dodoma mwezi Juni, usiishie kwenye bei ya bia na sigara. Mwulize mbunge wako kuhusu kasma ya utafiti, na akikutajia kiasi kilichotengwa, mwulize kilichotolewa.