Kila Kaya na Mganga Wake

Mimi ni mkulima, nami nina ugonjwa wa presha. Kila mwezi huenda zahanati kupimwa.

Zahanati yetu ina waganga wawili. Zamani kila mgonjwa alimwendea mganga aliyemtaka. Wengi tulimtaka yule mzee, maana tulimzoea. Foleni yake ilifika hadi chini ya mwembe. Mganga kijana alikuwa na wagonjwa wachache.

Siku moja niliingia kwa yule mzee saa nane mchana. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Alinipa dawa bila kunipima. Usiku ule nilizidiwa, nikapelekwa hospitali kwa baiskeli. Wenzangu walimlaumu mganga. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni sisi tuliomtwika.

Nilipopona, nilisema hayo katika mkutano wa kijiji. Tukakubaliana kugawa vitongoji, kila kaya iwe na mganga wake. Mganga kijana akasema, "Tusihesabu vichwa tu." Tukahesabu pia wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi ya muda mrefu, maana hao huja mara nyingi. Basi mzee akapewa vitongoji viwili vyenye wazee wengi. Kijana akapewa vitatu.

Mimi niliangukia kwa kijana. Nilinung'unika sana. Lakini alinipima mara mbili, akaandika katika daftari lake. Mwezi wa tatu sikwenda, kwa kuwa nilikuwa navuna. Alifungua daftari, akaona jina langu halina alama. Akamtuma mhudumu wa afya nyumbani kwangu. Zamani nani angejua kuwa sikufika?

Jambo hili si geni duniani. Nchi ya Costa Rica, huko Amerika ya Kati, ilianza kuunda vikundi vya afya mwaka 1995. Kila kikundi kina daktari, muuguzi na mtumishi anayetembelea nyumba. Kila kikundi kina eneo lake, lenye watu kati ya 4,000 na 5,000 hivi.

Kwetu, mwenye ajali, mama mwenye uchungu na mtoto mwenye degedege hawangoji mganga wao. Hupokewa na yeyote aliyepo.

Ndugu, kama zahanati yenu ina foleni ndefu mlango mmoja na fupi mlango wa pili, lizungumzeni katika mkutano wenu. Mganga aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa.