Namba Tasa

Shuleni tulifundishwa kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe huitwa namba tasa. Darasa zima likacheka, na mimi nikiwemo. Siku hizi, ukweni, neno hilo ndilo jina langu.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Mersenne, aliihesabu 147,573,952,589,676,412,927 kuwa tasa. Mwaka 1876 Lucas akathibitisha kuwa siyo, ila hakuonyesha inagawanywa na nini. Aliyeonyesha ni Cole, Marekani, mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Daktari alishaniambia sina kasoro. Nikamweleza wifi. Akanijibu, "Haya, mtoto yuko wapi?"

Basi nangoja. Lakini jamani, miaka yote ile 27, Lucas hakuwa amekosea.