Jirani Aliniuliza: «Iko na Nini Ndani?»

Wewe mama unayepika kwa sikukuu, na wewe kijana unayekula bila kuuliza, keti kidogo. Nataka kukusimulia habari ya bonbon iliyoniletea haya.

Ilikuwa mwezi wa kumi, siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho, hapa Likasi. Nilitengeneza guimauve, ile bonbon laini kama pamba, nyeupe na ya rose. Mu avenue yetu kila mtu anajua: kama kuna sikukuu kwangu, batoto hawakosi guimauve.

Mama jirani alikuja na watoto wake watatu. Wao ni Waadventisti. Nguruwe hawali kabisa, na baba wa nyumba ameacha nyama ya kila namna. Mama akachukua bonbon moja, akaiangalia, akaniuliza kwa upole: «Yaya, hii iko na nini ndani?»

Mimi nilikuwa na haraka, bukari ilikuwa inaningoja juu ya mbabula. Nikamujibu: «Ni sukari tu na maji, mama. Acha batoto bakule.» Nao wakakula.

Jioni binti yangu mkubwa alikuwa anaosha vyombo. Akaokota karatasi ya ule unga niliotumia, akasoma: «gélatine de porc». Akaniuliza: «Mama, porc si njo nguruwe?»

Ndugu msomaji, moyo uliniruka. Sikukusudia kusema uongo. Lakini nilitoa neno langu juu ya kitu nisichokijua, na mwenzangu aliliamini. Usiku nikajiambia: wameisha kula, hakuna atakayejua. Asubuhi nikaona kwamba nikinyamaza, hapo ndipo nitakuwa mwongo wa kweli. Nikaenda kubisha mlango wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Yaya, asante kwa kuniambia. Lakini bwana yangu nitamuambia nini?» Hakunifukuza. Lakini tangu siku ile watoto wake hawakukula tena kwangu. Hata maji walikataa.

Ndipo nikaanza kutafuta. Gélatine ni kitu gani? Wewe unaijua bila kujua jina lake. Umepika miguu ya ng'ombe? Supu ikilala mu baridi, asubuhi inatetemeka ndani ya sufuria. Njo ile. Ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe inachemshwa, na kile kinachotoka kinakaushwa kuwa unga au majani membamba.

Lakini nikajifunza pia jambo la kunifurahisha. Guimauve ni jina la mmea. Zamani Wafaransa walitengeneza bonbon hii kwa utelezi wa mizizi ya mmea ule, ambao ni wa jamaa moja na gombo yetu. Gélatine iliingia nyuma. Na sisi wenyewe hapa Katanga, si tunakula kikanda? Mizizi ya porini, karanga za kusaga, magadi na pilipili: inashikamana mpaka unaikata kwa kisu, na hakuna nyama ndani. Basi mimea inaweza kushika.

Kitu nilichopata kinaitwa agar-agar, unga mweupe unaotoka katika majani ya bahari. Watu wa Asia wanaupika tangu zamani. Mwaka wa 1881, kule Ujerumani, mama mmoja, Fanny Hesse, aliona bwana yake anahangaika na kazi ya vijidudu, kwa sababu gélatine iliyeyuka mu joto. Akamwambia ajaribu agar-agar, aliyoitumia mu jikoni yake. Mpaka leo laboratwari za hospitali zinaitumia. Na mu joto yetu ya mwezi wa kumi, gélatine inalegea, lakini agar-agar inasimama.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliiloweka mu maji ya vuguvugu kama gélatine. Ikabaki kama mchanga. Lazima ichemke. Mara ya pili niliiacha ingoje, ikaganda ndani ya sufuria. Sasa nafanya hivi:

Fungua kopo ya pois chiches isiyo na chumvi, chukua maji yake, kadiri ya nusu gilasi. Tia tone mbili za ndimu, uyapige kwa nguvu mpaka yasimame meupe kama povu ya mayai. Ukipiga kwa mkono, ita vijana wakusaidie, maana inachokesha. Pembeni, tia vijiko viwili vya chai vya unga wa agar-agar mu maji robo tatu ya gilasi, chemsha dakika tano ukikoroga. Ongeza sukari gilasi moja, acha ichemke mpaka iwe nzito. Mimina polepole ndani ya povu huku unapiga, kisha haraka mu sahani yenye maizena. Ngoja saa nne, kata, uzungushe tena mu maizena na sukari kidogo.

Sitakudanganya mara ya pili: haivutiki kama ile ya zamani. Inakatika upesi. Ikikaa siku mbili inatoa maji. Uile siku ileile.

Na unaponunua bonbon ya duka, soma karatasi. «Gélatine» peke yake haikuambii ni mnyama gani. «Agar-agar» au E406, na «pectine» au E440, hizo ni za mimea.

Siku ya Noeli nilimpelekea mama jirani sahani, na juu yake nikaweka karatasi ya agar-agar na kopo tupu ya pois chiches. Nikamuambia: «Mama, safari hii usiamini kinywa changu. Soma.» Akasoma yote, pole pole, mimi nikisimama mlangoni. Kisha akaita bwana yake. Baba akachukua moja, akatafuna, akacheka: «Yaya, sukari ni mingi!»

Watoto walikuwa wameisha kuchukua za kwao.

Ndugu msomaji, jirani akikuuliza iko na nini ndani, usijibu mbio mbio. Bukari inaweza kungoja.