Kapeti Lisilopenda Jua

Wenzangu wengi wa vitaluni Arusha walipata riziki kwa waridi na mitende. Mimi watoto wangu wamesomeshwa na mmea usiofika urefu wa kidole. Wataalamu wanauita Selaginella kraussiana. Sisi tunauita kapeti. Ukiutazama umesimama utadhani ni kuvumwani iliyonawiri. Piga magoti: utaona kashina kembamba kama uzi, vijani vimejipanga safu nne, viwili vidogo vimelala mgongoni, viwili vikubwa vimetanuka ubavuni. Kuvumwani halisi haina mizizi. Huu unayo, ila hautoi ua wala mbegu; unazaana kwa spora, kama kangaga.

Si mgeni huku. Msitu wa Kilimanjaro unao, na mimi nilikua nikiukanyaga Machame, kwenye kingo za mfongo, mfereji wa maji uliopita migombani kwetu. Hakuna aliyewaza kwamba ni kitu cha kuuza. Nilipoajiriwa kitaluni na kuona wateja wanaulizia kitu cha kufunika udongo chini ya miti, mahali ukoka unapokataa kuota, nikapanda basi hadi nyumbani nikang'oa kipande kwenye kihamba cha baba. Wote niliowahi kuuza ni uzao wa kipande kile. Vijana wameniletea magunia yaliyotoka msituni usiku, nimewarudisha nayo. Msitu ule tangu mwaka 2005 uko ndani ya hifadhi ya taifa, na hata usingekuwa, mmea uliong'olewa kwa pupa haushiki.

Kuuzalisha ni rahisi ukiwa na mkono mwepesi. Udongo wangu ni majani yaliyooza chini ya mparachichi, mchanga wa mtoni na maganda ya kahawa ya zamani, vyote vimechekechwa. Samadi mbichi usiisogeze, inaunguza. Unakata mashina vipande vya urefu wa kidole, unavilaza juu ya trei iliyolowa, unavikandamiza kwa kiganja bila kuvifukia. Kisha nailoni nyeupe juu, na trei inakaa chini ya neti. Kila shina linapojigawa huteremsha kamzizi kanakoning'inia hewani, kanatafuta udongo. Ukiinua nailoni ukavuta kidogo, shina likakataa kuja, limeshika. Vijana wapya huvuta kila asubuhi, ndiyo maana trei zao huchelewa.

Kazi ngumu ni wateja.

"Mama, hili kapeti linavumilia jua?"

"Halivumilii, baba. Nunua ukoka."

"Lakini ukoka hauna rangi hii."

Hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza na kupokea hela. Mimi huuliza nyumba inatazama wapi, kuna mti gani, nani atabaki kumwagilia wakisafiri Krismasi. Januari na Februari hapa jua ni kali na upepo ni mkavu, na mmea huu hunywa hewani kama unavyonywa ardhini. Ukilowesha udongo na hewa ikabaki kavu, vijani vinajikunja vinakuwa kama karatasi. Tunanyunyiza asubuhi, mchana na jioni, ukungu tu, na bado kingo hukauka.

Hoteli moja ilinunua trei nyingi. Kivuli chao kilikuwa safi, miti mikubwa, nikapanda kwa moyo mweupe. Baadaye wakaniita: ncha zimekuwa za kahawia. Mtunza bustani wao alikuwa ameongeza maji, na kadiri alivyoongeza ndivyo zilivyozidi. Nikaonja maji ya kisima chao. Magadi. Chini ya Mlima Meru maji mengi ya ardhini ni hivyo, tena yana floridi, ile inayotia meno ya wenyeji madoa ya kahawia. Nikamwambia meneja akinge maji ya mvua kwenye paa. Akasema tenki ni gharama. Salio la malipo yangu sijaliona hadi leo, na kipande pekee kilichopona kwao kiko chini ya bomba la kiyoyozi linalodondosha maji yasiyo na chumvi.

Aliyeniduwaza zaidi ni mgeni kutoka Nyuzilandi. Aliingia kitaluni, akaona trei zimepangwa, akaniuliza kama nina kibali. Kwao mmea huu ni marufuku kuuuza au kuuzalisha. Uliletwa kupamba bustani, ukatorokea msituni, na sasa unatandaa kiasi kwamba miche ya miti yao haipati pa kuchomoza. Kipande kilichonasa kwenye kiatu kinatosha kuanzisha zulia jipya. Nilimtazama nikakumbuka Februari zangu zote na ile chupa ya kunyunyizia. Nikamuuliza kwao mvua inanyesha miezi mingapi. "Yote," akasema.

Kabla ya kupanda gari alisugua soli za viatu vyake kwenye zege, kimoja baada ya kingine. Kijana wangu akaniuliza kwa kunong'ona kama mzungu ameudhika. Nikamwambia hapana, anaujua mmea.