Waja leo, waondoka leo... sura zabaki Tanga

Asikwambie mtu, msomaji wangu, Tanga bado tamu! Wenyewe wana msemo wao wa siku nyingi: waja leo, waondoka leo. Wapo wanaosema ni kijembe kwa wageni wasiokaa. Wengine wanasema ni utani tu, maana mgeni akishaonja ya Tanga haondoki tena. Safari hii nimeupa maana yangu ya tatu, na inahusu kitu ambacho vijana wenzangu mnakipenda kuliko wali wa nazi: sura za mastaa wa filamu.

Kutoka Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350. Unapita Chalinze, unakata kulia pale Segera, unanunua machungwa Muheza kupitia dirishani, halafu unaanza kunusa bahari. Kwenye basi nilikaa jirani na sista duu mmoja, mwanafunzi wa chuo, ambaye tangu Ubungo hakuinua macho kwenye simu. Kazi ya safu hii ni kuchungulia, nikachungulia. Alikuwa anaangalia Kuch Kuch Hota Hai, picha la Kihindi la mwaka 1998! Tena haangalii kama wewe na mimi. Shah Rukh Khan akigeuka tu, binti anasimamisha picha, anasubiri vile vitufe vipotee kwenye kioo, anapiga skrinshoti. Twende tena.

"Kaka, huyu mtu alikuwa hatari," akaniambia bila hata kunitazama.

Nikamuuliza anazo ngapi. Akafungua folda, akateremsha kwa kidole, akateremsha, akateremsha... Zaidi ya mia nne. Shah Rukh akicheka, Shah Rukh akilia, Shah Rukh na nywele zimemwagika usoni. Nikamkumbusha kwamba jamaa alizaliwa mwaka 1965, siku hizi ni mzee wa heshima zake.

"Wa sasa simtaki. Mimi namtaka huyu wa 1998. Yeye azeeke tu, mimi ninaye kijana."

Neno hilo likanikaa kichwani mpaka tunashuka stendi. Maana ukipiga hesabu, binti ana kazi kubwa mbele yake. Filamu ya senema ni picha za mnato 24 kwa kila sekunde moja. Picha la Kihindi la saa tatu lina picha 259,200! Katika hizo anatafuta ile moja ambayo jicho limekaa, shingo imekaa na tabasamu halijakwisha. Akichelewa hata nusu sekunde, staa anatoka kafumba macho kama mtu anayepiga chafya.

Sasa ukidhani ugonjwa huu umeletwa na simu, njoo Tanga mjini nikutembeze.

Anzia Bustani ya Jamhuri, upige upepo wa bahari huku ukikitazama kisiwa cha Toten. Ukitoka hapo ingia mitaani taratibu, chunga baiskeli zisikuvae, maana Tanga baiskeli ni kama bodaboda za Dar. Mji huu ulikuwa na majumba ya senema ya kueleweka: Majestic, Novelty na Regal. Waulize wazee wa kijiweni watakuonyesha kwa kidole, na kila mmoja atakuhadithia picha yake. Siku ya Jumapili watu walivaa wakavaana, familia nzima, kwenda kuangalia Wahindi wakilia na kuimba. Walanguzi wa tiketi walikuwa na Jumapili yao pia. Nyimbo zikitoka kwenye picha ziliingia mitaani, na nyingine zikabadilishiwa maneno zikawa taarabu. Kumbuka huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoitikisa pwani nzima kwa taarabu ya magitaa.

Leo hakuna foleni ya tiketi. Mwanahistoria Laura Fair aliandika kitabu kizima, Reel Pleasures, kilichotoka mwaka 2018, kuhusu senema za Tanzania na watu waliozijaza. Vijana wengi wa Tanga niliopiga nao stori wanapita mbele ya majengo hayo kila siku na hawajui yalikuwa nini. Wanamjua Shah Rukh mpaka kidoti chake, jumba lililomleta Mhindi mjini kwao hawalijui.

Mwenyeji wangu akaona nateseka bure. "Twende kwa bibi Ngamiani, yeye ndiye mwenye habari zote."

Ngamiani mitaa yake ni ya namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, huwezi kupotea labda uwe umeamua. Bibi tukamkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ndiye mwandishi huyu? Mbona mwembamba, Dar hamli?"

Alipoelezwa nilichokifuata, akacheka mpaka mchele ukayumba. Akaingia ndani akarudi na mkebe wa biskuti, ule wa bati wa zamani. Ndani yake, msomaji wangu, mlikuwa na folda ya simu ya miaka ya sabini! Kadi za picha za mastaa, kurasa zilizokatwa kwa mkasi kwenye majarida ya Bombay, nyingine zimeshakuwa za njano na kingo zimeliwa. Juu kabisa alikuwa Rishi Kapoor wa Bobby.

"Huyu ndiye aliyetutoa roho," akasema bibi.

Wasioijua Bobby niwape kwa ufupi. Ilitoka mwaka 1973. Kijana wa kitajiri anampenda binti wa mvuvi, wazazi hawataki, vijana wanatoroka. Rishi alikuwa na miaka 21, Dimple Kapadia 16. Mwongozaji alikuwa Raj Kapoor, baba yake Rishi, yule yule steringi wa Awara ya mwaka 1951 aliyewadatisha wazee wa pwani kabla bibi hajajua kusuka. Kwa hiyo kuna nyumba za Tanga ambazo mama alimzimia baba na binti akamzimia mtoto. Ukoo umehudumiwa!

Nikamuuliza bibi, sasa nyie hamkuwa na kitufe cha kusimamisha picha, mlikuwa mnafanyaje?

"Sie tulikuwa tunarudi. Leo unakwenda, ikirudiwa unakwenda tena. Mara ya kwanza unashika hadithi, ya pili unashika nyimbo, ya tatu unamshika yeye. Nyumbani wakiuliza ulikuwa wapi, nasema kwa shangazi. Shangazi mwenyewe nimekaa naye kiti kimoja!"

Tukacheka. Kisha nikauliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida tu: bibi, hebu nione picha yako ya wakati huo, ulipokuwa na miaka kumi na saba.

Akafunika mkebe.

"Sina. Ilikuwapo moja, nimevaa gauni la kushonesha, nywele nimezigawa katikati kama Dimple. Akaiazima mtu akaionyeshe harusini, haikurudi. Rishi ninaye mpaka leo. Mie mwenyewe sinaye."

Hapo ndipo stori yangu ilipogeuka, msomaji. Nilikuja Tanga kuwatania mashabiki, nikajikuta natafakari.

Kwa sababu pwani yetu ilikuwa na njia yake ya kupenda mastaa, na haikuwa kukusanya sura zao tu. Ukivuka mpaka pale Horohoro unaingia Kenya, na mbele kidogo ni Mombasa. Huko alikuwapo mpiga picha N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipata sifa kwa picha za Waswahili waliojipamba na kukaa mkao wa senema: mke amelaza kichwa begani kwa mume, binti ametupa jicho pembeni kama Nargis, kijana ameshika kola. Unguja nako kulikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930. Watu walitoka kwenye senema na sura ya staa kichwani, wakaenda kujipiga picha wao! Staa alikuwa kioo, wakijitazama humo wanajiona nao wazuri. Siku hizi picha za Parekh zinaonyeshwa kwenye maonyesho ya nchi za mbali, na waliomo humo hawakuwa mastaa wa filamu yoyote. Walikuwa watu wa mtaani tu.

Halafu mambo yakabadilika. Deki za video zikaingia majumbani, na mwaka 1994 televisheni za binafsi zikaanza Tanzania Bara. Senema zikakosa watu. Vibanda vya video vikashamiri, benchi moja watu saba, jasho mpaka kwenye kope. Ikaja Titanic, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1997, na Leonardo DiCaprio wa miaka 23 akafanya masista duu wa nchi nzima waumwe. Mchoraji Joshua Amandus Mtani akaichora hadithi ile upya kwa Kiswahili, akaiita Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Bango la DiCaprio lilikaa ukutani, juu ya kitanda, karibu na ratiba ya masomo. Na yeye Leo alikuja leo akaondoka leo, maana yule wa bango na huyu wa sasa ni baba na mtoto.

Siku ya pili tukaenda Pangani, kilomita kama hamsini kusini mwa Tanga mjini. Mji mdogo, minazi, nyumba za kale, na mto mpana unaomwagika baharini. Ng'ambo ni Bweni, na kuvuka kuna kivuko. Hapo ndipo alipozaliwa Shakila, yule malkia wa taarabu aliyeimba na Black Star na kufariki mwaka 2016.

Kwenye kusubiri kivuko tukapiga stori na kijana mmoja wa bodaboda, shabiki wa kutupwa wa Steven Kanumba. Kanumba sina haja ya kukusimulia. Alizaliwa Januari 1984, akafariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28, na maelfu ya watu wakafurika kumzika Kinondoni. Huyu ndiye staa wetu asiyezeeka. Shah Rukh unaweza kulinganisha wa jana na wa leo, Rishi tulimwona akinenepa na kuota mvi mpaka alipofariki mwaka 2020, lakini Kanumba ni kijana yule yule mtanashati kwenye kila mkanda.

Kijana akatuambia alikuwa na skrinshoti zake zaidi ya elfu, alizozikusanya miaka minne. Ziko wapi? Akaunyooshea mto kidole. Simu ilimponyoka akiwa juu ya kivuko, ikaenda na maji.

"Za Kanumba nimezipata tena, filamu zipo," akasema. "Kinachoniuma, humo mlikuwa na picha mbili za marehemu mama. Hizo hakuna filamu ya kuzitoa."

Tukanyamaza wote. Hata mwenyeji wangu, ambaye huwa hana breki ya mdomo.

Basi msomaji, maana yangu ya tatu ndiyo hii. Waja leo, waondoka leo ni sura zetu sisi. Staa hana wasiwasi. Sura yake imehifadhiwa mara 24 kwa sekunde, kwenye maghala ya filamu, kwenye televisheni, kwenye simu za mabinti kutoka Ubungo mpaka Bombay. Usipompiga skrinshoti wewe, watampiga wengine milioni. Lakini mama yako akiwa barazani na kanga yake, bibi yako akicheka mpaka mchele unayumba, jumba la Majestic lililomfanya bibi adanganye kwao... hao mpiga picha wao ni wewe peke yako.

Sisemi ufute folda yako, la hasha! Kupenda sura nzuri si dhambi, nami nina zangu ambazo sizitaji hapa. Nasema ongeza folda nyingine. Ukishapiga usiiache kwenye simu, maana simu inaibiwa, inavunjika, inaogelea. Peleka studio ikachapwe kwenye karatasi, na nyuma andika kwa kalamu: nani, wapi, mwaka gani. Mkebe wa biskuti wa bibi umepita miaka hamsini bila chaji wala bando.

Jioni tukarudi Ngamiani, nikamwomba bibi nimpige picha. Akakataa. Akakataa tena. Kisha akasema, "Subiri basi nipake wanja." Akakaa ndani nusu saa, akatoka na kanga mpya na nywele kazigawa katikati. Akakaa kitini, akatupa jicho pembeni. Bila kuambiwa na mtu!

Asubuhi tukachapisha nakala mbili. Moja ninayo. Nyingine bibi kaitazama weee, kageuza nyuma kusoma jina lake na mwaka, kisha kafungua mkebe na kujiweka juu ya Rishi.

"Aniamkie," akasema.

Haya, tukutane wiki ijayo.